Beri za Mwisho za Masak

Alhamisi ile bodi ya ardhi ya kijiji chetu ilikaa kupitisha barabara ya pili ya mgodi, na barabara yenyewe ilikuwa ipite katikati ya bonde la beri la mke wangu, Masak. Bonde hilo alirithi kwa mama yake. Alikufa majira ya giza yaliyopita, miezi ambayo huku kaskazini jua halichomozi. Daktari wa mgodi alisema figo. Mimi nasema vumbi la malori yao. Kwenye friza ilibaki ndoo yake moja, beri alizochuma kando ya barabara ya kwanza, wanakopitisha malori ya madini ya risasi na zinki kwenda bandarini.

Sikusoma, siwezi kubishana na michoro yao. Nikaziyeyusha zile beri, nikazipiga kwa mkono na mafuta ya kulungu wa theluji na ya sili wa baharini mpaka zikawa nyepesi kama povu, kama alivyofanya yeye. Nikazipeleka ukumbini.

"Shemeji, siku hizi umekuwa mpishi?" Delbert akacheka. Ni kaka yake Masak, na ndiye mwenyekiti. Bila sahihi yake hakuna barabara. "Sukari umetia, au umetukomoa?"

"Onja ujue. Ni za dada yako. Za mwisho."

Kicheko kikamkauka. Kwetu chakula cha mkono wa marehemu hakikataliwi, wala hakibakizwi. Nikampakulia yeye, na Lindgren, meneja wa mgodi, aliyekuwa ametoka kutuambia kwamba vumbi lao halidhuru mmea wala mtu.

Delbert akala polepole, macho chini. Lindgren akashika kijiko.

"Zimechumwa wapi, mzee?"

"Kando ya barabara yenu."

Akakiweka kijiko. "Nashukuru. Nimeshakula."

"Si umesema ni salama?" Delbert akauliza.

"Ni salama. Ila tumbo langu leo…"

"Kijiko kimoja tu, bwana."

Lindgren akatazama dirishani. Hapo shemeji yangu akalivuta bakuli la mgeni, akalila nalo, akalikwangua. Kisha akazisukuma karatasi.

"Sisaini."

"Tutarudi kiangazi," Lindgren akasema, akizipanga upya.

Watarudi, nawajua. Na barabara ile ya kwanza Delbert huyuhuyu ndiye aliyeisaini.

Nyumbani nikaisuuza ndoo ya Masak. Sabuni sikutia, isije ikaondoa harufu ya beri zake.