Mizani Chini ya Mguu wa Baba

Juu ya meza yangu ya kazi kulikuwa na maboksi mawili ya klachi, na mdogo wangu alikuwa ameshafungua moja bila kuniuliza.

"Dada, hii ndiyo yenyewe," alisema. "Klachi ya mashindano. Haitelezi hata uifanyeje."

Gereji ni yangu. Gari lililokuwa juu ya jeki ni la baba yetu. Mdogo wangu alilifunga tabo ya kuiongezea injini nguvu, akabadilisha bomba la moshi, mpaka gari la mzee mstaafu likawa linanguruma kama lina ugomvi na mtaa mzima. Nguvu ilipozidi, klachi ikaungua. Akaweka ngumu zaidi. Miezi miwili tu, nayo ikaungua. Na aliyeiunguza ni yeye mwenyewe, kila Jumamosi akija "kulijaribu". Sasa alitaka ngumu kuliko zote, na mimi damu ilikuwa inanichemka.

"Mwenye gari ni nani?" niliuliza.

"Baba."

"Ataikanyaga kwa goti gani?"

Baba alikuwa ameketi mlangoni, fimbo mapajani. Goti lake la kushoto lilipasuliwa mwaka jana, na mguu wa klachi ndio huo huo.

"Msigombane," alisema. "Hiyo hiyo inanifaa."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kwelikweli. Miezi miwili mzee huyu alikuwa akienda kliniki kwa miguu, anatuambia amechoka kukaa kwenye gari, anataka kunyoosha viungo. Nami fundi mzima nikameza uongo huo bila hata kutafuna!

Nilichukua mizani ya bafuni ambayo huwa naitumia kupima ugumu wa pedeli za wateja, nikaisimamisha ukutani mbele ya kiti chake.

"Baba, sukuma kwa mguu wa kushoto. Usinidanganye."

Kilo kumi na nne. Mara ya pili, kumi na mbili. Mara ya tatu alifumba macho, na sindano ikaishia kumi na moja.

"Klachi yako inataka ishirini na sita," nilimwambia mdogo wangu. "Ile ya kiwandani, iliyo kwenye boksi la pili, inataka tisa. Haya, chagua, bingwa!"

"Ya kiwandani haitaiweza tabo."

"Basi tabo itoke! Wewe unataka mlio, baba anataka kufika kliniki. Umemnyang'anya gari lake huku ukimwachia ufunguo!"

Mdogo wangu akachuchumaa mbele ya baba, mikono imejaa grisi.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Kabla ya hiyo tabo ulikuwa unapiga simu tu," baba alisema. "Ulipoanza kulifungua gari, ukawa unakuja kila Jumamosi. Unakaa mpaka jioni. Ningesemaje?"

Nilikuwa bado na maneno mengi ya kuwatupia wote wawili. Niliyaacha. Nilifunga boksi la klachi ya mashindano kwa utepe wa gundi, nikavuta lile la kiwandani.

"Nitakuja Jumamosi niitoe tabo," alisema mdogo wangu. "Asubuhi moja tu inatosha."

Baba alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ya nini haraka, mwanangu," alisema. "Jumamosi hiyo fungua nati mbili tu."