Ni Maji Tu

Kaka yangu ni fundi wa friji, na masikio yake yanasifika. Anaweza kusimama nje ya duka lililofungwa akakuambia kompresa iliyomo ndani haina maisha marefu. Lakini mke wake alikaa naye nyumba moja miaka kadhaa akimwambia jambo lilelile, na hakulisikia mpaka siku aliyoona mwenzake anafunga virago. Simsemi vibaya. Ni kaka yangu wa tumbo moja na nampenda, ila mambo yalikuwa hivyo.

Walipoachana, mtoto alibaki kwa mama yake. Namwita wifi mpaka leo, na yeye hajaacha kuniletea kichwa chake saluni nimsuke. Mtoto ni wa kike, wa miaka mitatu, na tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Kaka aliruhusiwa kumchukua Jumamosi na kumrudisha kabla ya jua kuzama. Kulala kwa baba, hapana. Wifi hakuwa na kinyongo. Alisema mtoto mdogo akiamka usiku husema shida yake mara moja kisha analia, na yeye hakuwa na hakika kama kule kuna mtu wa kumsikia.

Kaka alikuwa ameshanunua kitanda kidogo na kukipaka rangi mwenyewe. Jioni moja nilimkuta amekaa kando ya kile kitanda kitupu, sahani mapajani, anakula. Nikajifanya nimekuja kuazima pasi. Nilipofika nyumbani na ile pasi, nililia, maana yangu ilikuwepo na ilikuwa mpya.

Ndipo zikaja hizo mbio. Mbio za barabarani za kilomita kumi, na safari hii waandaaji waliweka kundi la wazazi wanaokimbia huku wakisukuma watoto. Kaka alikuwa na kigari cha namna hiyo, alichopewa na mteja ambaye mwanawe alishakua. Kina magurudumu matatu makubwa kama ya baiskeli, breki ya mkono, na mkanda ambao mzazi anauvaa kwenye kifundo cha mkono ili kigari kisimtoroke kwenye mteremko. Mimi nilikiita toroli. Kaka alinuna siku nzima, akaniambia toroli linabeba saruji na hiki kinabeba binti yake.

Wifi alikubali, na sharti lake alilitoa akiwa kwenye kiti changu, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, kwa hiyo nililisikia vizuri. Kidoti alikuwa ameacha nepi mwezi uleule. Jambo hilo alilitangaza kwa kila mtu: mlinzi wa geti, muuza vocha, hata mteja wangu aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ambaye ilibidi arudiwe kwa sauti ya juu kwamba mtoto huyu havai nepi. Basi wifi akasema, kaka akiwa amesimama mlangoni:

"Akisema mkojo, simama. Usimwambie asubiri, hajajua kusubiri. Nguo za kubadilisha nimeweka kwenye begi."

Kaka akaitikia. Alipoondoka, wifi akaniambia kwamba mtoto akirudi salama na furaha yake, lile suala la kulala halitakuwa gumu. Alisema yeye mwenyewe asingekuja, alikuwa anatoka zamu ya usiku hospitali na angekuwa amelala. Nami nikambeba kaka yangu moyoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Siku yenyewe nilifunga saluni nikaenda kusimama mwisho wa mbio, mbele kabisa, mahali nilipopapata kwa viwiko. Wakimbiaji wa kweli walishapita zamani, wembamba na wenye haraka, kisha wakaja watu wa kawaida wanaoshika viuno. Vigari ndivyo vilivyokuwa vya mwisho, maana vilianza nyuma ya wote. Cha kwanza kutokea kwenye kona kilikuwa cha kaka yangu. Nyuma yake hatua chache alikuwa baba mmoja mwenye miwani ya michezo na kigari kipya kinachong'aa, uso umemwiva kwa hasira ya kupitwa. Nilipiga vigelegele mpaka wenzangu wakasogea.

Kaka akavuka mstari akiwa wa kwanza katika kundi lake. Mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti, akamwita baba wa mfano, akasema tumwone basi huyo malkia aliyebebwa kilomita zote hizo. Kidoti alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Kwenye jua lile. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilikuwa shangazi wa mshindi, sikujiuliza kitu. Nikaruka kamba ya kuzuia watu, nikafungua mikanda, mtoto akiling'ang'ania blanketi na kusema hapana, hapana, nami nikadhani anaona aibu ya watu kama watoto wengine. Nikamnyanyua juu, juu kabisa, simu zote zimwone.

Kitu cha vuguvugu kikatiririka kwenye mkono wangu mpaka kwapani.

Gauni lilikuwa limelowa nyuma kuanzia kiunoni. Mwanamke mmoja pale mbele akaangua kicheko, akasema, "Kamkojolea mwenzie," na kicheko kikaenea. Hakikuwa kicheko kibaya. Watu wazima humcheka mtoto kwa upendo, lakini mtoto hajui aina za vicheko. Kidoti alijiziba uso kwa mikono miwili. Hakulia. Alikakamaa mikononi mwangu, mwili mzima umekaza, na hapo ndipo nilipotamani barabara inimeze. Nilikuwa nimempandisha mtoto juu ya vichwa vya watu na aibu yake ikiwa inachuruzika.

Kaka alikuwa wa haraka, hilo nampa. Alinyakua chupa ya maji mezani, akajimwagia kichwani, akammwagia mtoto, akanimwagia na mimi na nywele zangu nilizozitengeneza alfajiri. Watu wakashangilia, wakadhani ndiyo sherehe yenyewe. Baba mwingine akamwagiwa na mkewe. Katika dakika ile kila mtu pale alikuwa amelowa.

"Ni maji, mama," kaka alimwambia binti yake sikioni. "Ni maji tu. Ona, wote tumelowa."

Kidoti akatoa kidole kimoja usoni, akachungulia. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Akauliza, "Maji?" Nikamwambia ndiyo, maji. Akashusha mikono. Nilijivunia kaka yangu kuliko nilivyojivunia ile medali.

Begi la nguo tulilikuta kwenye gari lake la kazi, chini ya kiti, pamoja na mirija ya shaba na mtungi wa gesi. Alikuwa ameliacha makusudi ili kigari kiwe chepesi. Nikambadilisha mtoto, nikaviringisha lile gauni kwenye mfuko wa plastiki, akapitiwa na usingizi kabla hatujatoka kwenye maegesho. Ndipo kaka akaniambia ya njiani, akiendesha, bila kunitazama.

Alimsikia. Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna. Mtoto alisema mkojo, akamsikia vizuri kabisa, na wakati ule yule mwenye miwani alikuwa mbele kidogo tu. Akamwambia ashike kidogo, tunampita yule. Mtoto akasema tena, kwa sauti ya kuomba. Akamwambia tunafika, mama, tunafika, na vyoo vya waandaaji vilikuwa palepale kando ya barabara, alivipita akiviona.

"Halafu akanyamaza," kaka alisema. "Akanyamaza, dada, na mimi nikafurahi."

 Nikapata la kupanga, ambalo ndilo huwa nalipata upesi. Nikamwambia gauni nitalifua mimi, wifi hana haja ya kujua, mtoto mwenyewe anajua ni maji, na kama ataharibu leo basi kile kitanda akiuze. Hakunijibu. Nikachukulia kimya chake kuwa ni ndiyo, kama familia yetu tunavyofanya.

Wifi alifungua mlango na alama ya mto bado iko shavuni. Akambeba Kidoti aliyekuwa ameshaamka na medali shingoni, akambusu, na kabla hatujakaa akauliza gauni liko wapi.

"Baba alinimwagia maji," Kidoti akasema. Alisema laini kabisa. Kisha akamtazama baba yake na kumfumbia jicho, au tuseme yote mawili, maana moja hajaweza bado.

Mimi nikadakia. Nikamweleza wifi habari ya chupa za maji na watu wazima waliochezacheza kama watoto, nikamwonyesha nywele zangu zilivyoharibika, nikamwambia kama ni fidia ya nywele basi nimtoze yeye aliyeolewa na mtu wa namna hii. Wifi alicheka sana. Sikuwa nimemwona akicheka mbele ya kaka tangu waachane. Alituletea maji ya kunywa, akakaa na mtoto mapajani, akaizungusha medali vidoleni, kisha akasema neno tulilokuwa tunalisubiri, bila kulitangaza.

"Baba Kidoti, Jumamosi ijayo njoo umchukue na nguo zake za kulalia. Alale huko."

Nikamkanyaga kaka mguu chini ya meza. Nilitaka aseme asante na tuondoke. Yeye alikuwa anamtazama mtoto, na mtoto alikuwa anamtazama yeye akitabasamu kwa ile siri, mdomo umebanwa ili isitoke. Nikaona uso wa kaka unabadilika. Nikamkanyaga tena, kwa kisigino.

"Mama Kidoti, hayakuwa maji," akasema. "Alijikojolea. Aliniomba nisimame, mara mbili, na nilimsikia. Sikusimama kwa sababu nilitaka kumpita mtu. Maji nilimmwagia baadaye."

 Wifi aligeuka kwanza akanitazama mimi, na mimi nikaitazama glasi. Nywele zangu, vichekesho vyangu, fidia yangu, vyote vilikuwa pale mezani kati yetu. Nimeshona maneno ya uongo mengi maishani na yamenikaa vizuri, ila sikuwahi kuvuliwa moja mbele ya mtu niliyetoka kumchekesha. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

Lakini si wifi aliyenimaliza. Kidoti alikuwa ameteremka mapajani. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameishika nyuma, pale ambapo gauni lililowa, ingawa suruali aliyovaa sasa ilikuwa kavu. Alimtazama baba yake muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Shangazi, si yalikuwa maji?"

Mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa kutokosa jibu. Nikisema ndiyo, nimemgeuza baba yake mwongo kwa ukweli pekee aliousema. Nikisema hapana, namnyanyua tena juu ya vichwa vya watu.  Alisubiri kwa adabu, kama anavyosubiri ninapomsuka, kichwa ameinamisha kidogo. Aliposhindwa kungoja akaingia chumbani akiburuta medali, na mlango ukafungwa.

Kaka akasema anaelewa kama Jumamosi haipo tena.  Wifi aliokota blanketi tulilorudi nalo, akalinusa, akalikunja.

"Mimi nimeshasema alale, na sijageuza," akasema. "Ungekuwa umenificha ningegeuza. Ila mimi siye niliyekuomba usimame. Mwombe yeye, kama atakubali kuja kwako."

Kaka akainuka, akaenda mpaka mlango wa kile chumba. Una kitasa ambacho mtoto hakifikii vizuri, kwa hiyo ulikuwa umerudishwa tu, na kaka angeweza kuusukuma kwa kidole. Hakuusukuma. Alipiga magoti, akiwa bado na namba ya mbio kifuani, akagonga kwa kifundo kimoja cha kidole.

"Hodi," akasema.

Tulimsikia Kidoti akisogea upande wa pili, karibu kabisa na mlango. Hakuitika. Kaka akasema hodi tena, taratibu zaidi, kisha akakaa chini palepale, mgongo ukutani, akasubiri.