Kumbe Mwalimu Ana Miguu

Pesa za msaada wa korona ziliinunulia shule yetu ya Minnesota barakoa na mashine za kusafisha hewa, ndipo tukafungua. Watoto wangu wa darasa la kwanza nilikuwa nimewafundisha kwenye kompyuta tu. Sasa walisimama mbele yangu, nyuso zimefunikwa, nami sikumtambua hata mmoja.

"Wewe ni Soren?" nikamwuliza mmoja.

"Mimi Maren!"

Mashine ya hewa ilivuma, nami nikasikia kama amesema "Aaron". "Karibu, Aaron."

"Maren, Mwalimu! Msichana!"

Mwenzake alikuwa akinikodolea macho kuanzia chini. "Mwalimu Haugen, kumbe una miguu!"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi yakalowesha barakoa. Hata hivyo, mpaka chakula cha mchana nilikuwa bado namwita Maren kwa jina la mvulana, Soren.