Bamba la Nyuma ya Bodi

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mtaa wa Langas, Eldoret, mpaka kwenye mabati, na watu walipita mikono kwapani kwa baridi.

Nanzala aliingia saluni ya Jebet, akasimama kidogo, akafumba macho na kuomba. Bwana, niongoze mikono. Kisha akavaa miwani.

Kompyuta ya Jebet, ile ya kuchapia watu barua kule kwenye kona, ilikuwa imeungua bodi, ile sahani kuu ya ndani. Jebet alipata bodi nyingine ya mtumba, ila ilikuja bila lile bamba la chuma linalokaa nyuma na kushika skrubu za feni ya kupozea. Feni isipokazwa, mashine huchemka ikajizima. Bamba lilikuwa kwenye bodi iliyoungua, limenata kwa gundi kama lilizaliwa hapo.

Kwa Nanzala kazi hii ilikuwa na uzito mwingine. Mumewe, Mabonga, alikuwa amechoka kuona mkewe akichelewa na kukamua ng'ombe gizani kwa sababu ya masomo yake ya jioni ya kutengeneza kompyuta. "Ukiiwasha mashine ya Jebet, endelea na masomo," alimwambia jana wakila. "Ikikushinda, jioni uwe nyumbani."

Alianza kwa kisu. Akakipenyeza pembeni, akabana, na bamba likaanza kupinda. Akaacha hapo hapo. Bamba likipinda halikai sawa, na lingine la aina hiyo hakuna aliyeliona Eldoret.

"Imekataa?" akauliza Jerop, mteja aliyekaa na rola kichwani.

"Haijakataa. Nimeiharakisha." Nanzala akageuka. "Jebet, nisaidie draya ya mkono."

"Hiyo ni ya vichwa vya watu, Mama Wabuge."

"Na chuma hiki nacho kina kichwa kigumu."

Jerop akacheka mpaka rola zikatikisika. Draya ikaletwa. Nanzala akalipasha bamba polepole, akilizungushia hewa ya moto ili karatasi ya plastiki iliyo chini yake isiyeyuke. Gundi ilipolegea akaomba uzi wa kushonea nywele bandia, akaupitisha kati ya bamba na bodi, akauvuta huku na huku kama msumeno. Ukakatika. Akaomba mwingine, akaukunja mara mbili.

Ndipo Mabonga akaingia na mitungi mitupu ya maziwa, anatoka kuuza.

"Mnasuka kompyuta siku hizi?"

"Keti, Baba Wabuge," Jebet akamwambia. "Ukitaka, tutakusuka na wewe."

Mabonga hakuketi. Alimtazama mkewe akivuta uzi, midomo ikicheza kwa maombi, mpaka bamba likaachia na kubaki kiganjani, limenyooka. Nanzala akasugua mabaki ya gundi kwa spiriti. Akalibandika kwenye bodi ya mtumba kwa vipande vidogo vya utepe wenye gundi pande mbili, lisianguke tu wakati wa kufunga. Skrubu za feni akazikaza kwa zamu, pembe hii kisha ile ya mkabala, kidogo kidogo, jinsi mwalimu alivyowaonyesha.

Akabonyeza swichi. Feni ikazunguka. Wakangoja. Jerop akatolewa rola zote na mashine bado inawaka.

"Haya, ni vizuri," Mabonga akasema, akiinua mitungi yake. "Masomo yaendelee."

"Na ng'ombe wa jioni atakamuliwa na nani?" akauliza Jebet.

"Tutaona."

"Tutaona si jibu, Mzee," Jerop akasema. "Mimi nilikuwa hapa. Mwenyewe umeona."

Nanzala alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa bila kuinua macho, maana alijua mwanaume wa kwao kukamua ng'ombe na majirani wanaona si jambo dogo.

Mabonga akaweka mitungi chini. Akavua kofia.

"Jebet, na wewe mama, mnisikie. Kuanzia leo mpaka Mama Wabuge amalize hayo masomo, ng'ombe wa jioni nitamkamua mimi."