Kidole Kisichosikia Zege

Kidole gumba changu cha kulia kilikufa mwezi wa kumi. Hakikukatika wala hakikuvimba. Kilikufa ganzi tu, pamoja na jirani zake wawili, kwa ajili ya kushika mashine inayotetemeka miaka na miaka. Sikumwambia mtu.

Anayemaliza sakafu za zege anaishi kwa kidole gumba. Zege likishamwagwa na kusawazishwa, unalisubiri, unalibonyeza. Likikaza kiasi, unaingiza helikopta. Ndivyo tunavyoiita mashine yenye mapanga ya chuma yanayozunguka chini na kuing'arisha sakafu. Ukiingia mapema, mapanga yanachimba. Ukichelewa, unapigana na jiwe. Macho peke yake yanadanganya, kwa sababu upepo hukausha juu na kuacha maji chini. Kidole hakidanganyiki.

Tangu hapo Zuberi alikuwa kidole changu bila kujua. Ni Mrundi, kijana wa Buyenzi, mtu wa swala na utani, na huniita papa kwa heshima. Nilikuwa namwambia, "Bonyeza, nione kama umejifunza." Anabonyeza, anasema, nami naitikia kama mwalimu.

Asubuhi ile ya Januari tulikuwa kwenye gereji ya chini ya jengo jipya, mtaa wa Schaerbeek, huku ughaibuni. Tulipomaliza kusawazisha, shefu wetu, msimamizi Hervé, akampeleka Zuberi juu kung'oa mbao.

"Leo tonton anamaliza peke yake," alisema. Tonton, yaani mjomba, ni mimi. "Nataka kumwona. Sakafu ikitoka vizuri, kesho anasaini."

Kusaini maana yake mkataba wa kudumu. Mke wangu Émérance na binti yetu Hadassa walikimbia Goma. Wako Bujumbura, wanalala sebuleni kwa shemeji. Faili lao la kuja huku limekwama mahali pamoja: mikataba yangu ni ya wiki kwa wiki, na hiyo haitoshi. Émérance alijua habari ya sakafu hii. Alikuwa amefunga, anaomba.

Mchana zege likabadilika rangi. Upepo ulikuwa unashuka kwa nguvu kwenye njia ya magari. Nikapiga magoti juu ya ubao, nikavua glavu, nikabonyeza. Niliona alama ndogo. Sikusikia kitu; ningekuwa nabonyeza mkate au meza, ingekuwa vilevile. Nikajaribu mkono wa kushoto. Kwa baridi ile, nao ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikakunja mkono wa koti, nikaweka kiwiko, kama mama anayepima maji ya mtoto. Nilisikia baridi tu.

"Alors, vipi, tonton? Unaliombea?" Hervé alikuwa kwenye ngazi, anacheka.

"Napima, shefu."

"Kwa kiwiko! Halafu utalipima kwa pua. Liko tayari au haliko?"

Nikalitazama. Juu palikuwa pakavu, peupe. Kama ningesema sijui, ningekuwa nimekwisha palepale. Nikasema, "Liko tayari."

Nikawasha helikopta. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, nikaanza kupumua. Kwenye wa pili, ngozi ya zege ikachanika kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Panga likazama, likatupa uji ukutani. Nikazima. Hervé hakuwa anacheka tena. Alimwita Zuberi kwa sauti iliyojaza gereji.

Zuberi akashuka mbio, akainama, akabonyeza.

"Papa, bado kabisa. Huku juu ni ngozi, chini ni uji. Ulibonyeza kweli?"

Akanishika mkono ili aone. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka, damu imechanganyika na saruji mpaka kwenye kiganja.

"Unatoka damu, papa. Haukusikia?"

Alisema kwa huruma. Lakini Hervé alikuwa amesimama palepale. Akachukua mkono wangu, akakifinya kile kidole kwa nguvu huku ananitazama usoni. Uso wangu haukubadilika. Hapo akajua.

"Zuberi, mashine ni yako," alisema. "Tonton, chukua mwiko."

Tukasubiri. Zuberi alipotoa ishara, nilipiga magoti, nikaziba kwa mkono pale nilipochana, yeye akipita na helikopta nyuma yangu. Jioni taa za dari zilionekana ndani ya sakafu kama ndani ya maji. Hervé aliizunguka yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Zuberi, kesho asubuhi ofisini. Nina nafasi moja tu." Kisha kwangu, kwa upole ulioniuma zaidi: "Wewe nenda kwa daktari. Mashine sikupi tena."

Kwenye kontena la kubadilishia nguo, Zuberi alikaa na kiatu kimoja mkononi.

"Nitakataa, papa. Wallahi nitakataa."

"Ukikataa atamleta mtu mwingine kesho hiyohiyo. Mimi nitapata nini? Vaa kiatu."

"Ni mimi nimesema mbele yake."

"Vaa kiatu, Zuberi."

Nilisimama kwenye kituo cha tramu. Simu ikalia.

"Papa Hadassa," Émérance alisema. Hata salamu hakutoa. "Sakafu?"

Nilikuwa na maneno. Niliyapanga njia nzima kutoka kazini.

"Imetoka vizuri," nilisema.

"Yesu! Hadassa, kuja! Papa anasema sakafu imetoka vizuri!"

Nikasikia mtoto anapiga kelele, kisha shemeji anapiga vigelegele, kisha majirani wanauliza kuna nini. Tramu ikaja, ikafungua milango, ikafunga. Émérance alikuwa ameanza kuimba, nami nilikuwa bado nimeshika simu kwa ule mkono usiosikia.