Ngazi ya Kombaini

Metro Hnatiuk alikuwa amekwama kwenye kipandio cha pili cha ngazi ya kombaini, mashine yake ya kuvunia ngano, mikono imeng'ang'ania chuma, goti la kulia limegoma. Juu hafiki, chini hathubutu. Mkewe, Olha, aliukumbatia mguu wake kama mtu anayezuia gunia lisianguke.

"Teremka, mzee."

"Kama ningeweza kuteremka, ningeweza na kupanda!"

"Basi kaa huko huko. Nitakuletea supu ya kabichi, kunguru wakusaidie kuimaliza."

Hakucheka. Mbele yake ngano ilikuwa imeanza kugeuka rangi hadi ukingo wa mbingu. Zilibaki wiki tatu ivunwe. Jirani yao, Elmer Lindqvist, ndiye aliyewapandia mbegu mwaka huu, na Jumapili ya mwisho kabla ya mavuno angekuja kusikia jibu: Metro avune mwenyewe, au amwachie shamba lote moja kwa moja. Katika nyanda zile za Saskatchewan, huko Kanada, mtu asiyeweza kupanda kombaini yake watu huanza kumtaja kama wanavyowataja marehemu.

Na alikuwa amejiandaa! Hilo ndilo lililomchoma kuliko goti lenyewe. Tangu theluji ya kwanza, daktari alipomwambia kuwa gegedu la goti, ile nyama ngumu inayokinga mifupa isisuguane, limesagika, Metro alilitunza kama alivyotunza mashine zake kwa miaka arobaini: kinacholika kwa kutumika, usikitumie. Alihamia kulala kwenye kochi asipande ngazi za nyumba. Olha ndiye aliyeendea barua kwenye sanduku la barabarani, Olha ndiye aliyelisha kuku. Yeye aliketi dirishani, mguu juu ya mto, akiliwekea goti akiba ya mavuno. Na kila mwezi goti likazidi kukakamaa.

Kesho yake Olha alimpeleka zahanati ya mjini. Delphine Favel, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alizungusha utepe wa kupimia kwenye paja la kushoto, kisha la kulia, lililosinyaa.

"Mzee wangu, hili lingine limekwenda wapi?"

"Nililipumzisha. Beringi ya mashine ikilika, unaipumzisha."

"Beringi ni chuma. Gegedu ni kitu hai, na halina mshipa hata mmoja wa damu. Ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linanyonya chakula chake. Na misuli ya paja ndiyo inayolibebea uzito. Wewe umevinyima vyote viwili."

Metro alitazama sakafu. "Yaani nimelitia njaa."

Delphine hakumpinga. Alisema kilicholika hakitarudi na maumivu hayataisha, ila nguvu ya paja huweza kurudi kidogo kidogo: kuketi na kuinuka, kutembea kila siku, fimbo mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima.

"Kwa wiki tatu nitapanda?"

"Sitakudanganya, mzee. Sijui."

Nyumbani alilia, yeye ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya baba yake. Hakuna mnyama aliyewahi kushinda njaa katika zizi lake. Na sasa, kwa mapenzi na kwa uangalifu wote aliokuwa nao, alikuwa ameushindisha njaa mwili wake mwenyewe.

"Saba," Olha alihesabu jikoni, Metro akiketi na kuinuka. "Hiyo ilikuwa nusu. Makalio hayakuondoka kitini."

"Unachunga makalio yangu?"

"Mwaka wa arobaini na tatu huu. Inuka."

Siku nyingine goti lilivimba, akapunguza bila kuacha. Siku moja alijilaza sakafuni akamwomba Olha ampigie Elmer, yaishe. Olha aliinua simu, akamtazama, akasubiri. Kisha akairudisha mahali pake.

Jumapili ya jibu ilipofika, Elmer alisimamisha gari langoni. Metro alimpungia mkono abaki palepale, akaanza kumwendea, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Elmer alipiga hatua moja kumlaki, akajizuia, akavua kofia.

"Shamba la kaskazini chukua," Metro alisema akihema. "Hili la nyumbani niachie."

"Utapandaje?"

"Jana nilifika kipandio cha tatu."

"Viko vingapi?"

"Vitano."

Elmer aligeuza kofia mikononi.

"Twende tukitembea," Metro alisema. "Nikisimama goti linaganda."

Wakaufuata ukingo wa ngano, na Elmer, mtu mrefu wa hatua ndefu, akazifupisha zake.