Kitambaa cha Ishirini

Uchungu wa kwanza ulimshika akiwa ameinamia karo la kusuuzia, mikono imezama hadi viwiko kwenye maji ambayo asubuhi yalikuwa safi. Alisubiri upite. Ulipopita akaendelea kusuuza. Wa pili ulimfanya aume ncha ya kilemba chake, na Bibi Pasi, aliyekuwa akinyoosha makoti ya madaktari hatua nne kutoka pale, akaisimamisha pasi yake wima.

"Huo si wa kukaa nao hapa, mwanangu. Nenda wodini."

"Sijamaliza za upasuaji, bibi."

Hospitali nzima walimwita Dobi. Miaka sita alikuwa akifua hapo mashuka, mapazia, na vile vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji ambavyo hufungwa ishirini kwa kila furushi. Vinatoka ishirini, vinarudi ishirini. Kikipungua kimoja, swali huja kwenye chumba cha kufulia. Haliendi kwingine, kwa sababu huko juu hakuna mwizi.

Msimamizi wa nguo, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alichungulia mlangoni. Bibi Pasi akamweleza.

"Na za upasuaji atamalizia nani?" aliuliza. "Mimi?"

Basi Dobi akazimaliza. Akazikamua, akazianika, akavuka ua kwa miguu, maji ya uzazi yakimchuruzika hadi kwenye kandambili.

Katika wodi ya wazazi alikijua kila kitanda kwa madoa ya shuka lake. Sista aliyezoea kumwita shoga kila alipomletea mashuka safi, leo alimwambia, "Panda, na usinipigie kelele." Alikaa na uchungu mchana huo na usiku wake. Alipolia kwa nguvu, sista alimwuliza mbona hakulia siku ile alipokuwa akiitafuta hiyo mimba. Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka, maana zamu zao zilikuwa zinakuja.

Asubuhi saa nne wakasema mtoto amechoka, apasuliwe. Sindano ya mgongo ilimtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini masikio alibaki nayo. Alisikia mkasi. Alisikia mtoto akilia, akasikia mtu akisema ni wa kike, kilo tatu na robo. Kisha akasikia sauti ya muuguzi aliyekuwa akihesabu.

"Kumi na tisa, daktari."

"Rudia."

"Nimerudia. Kumi na tisa."

"Kitakuwa kimeanguka hapo chini. Watakiona huko kufulia. Tushone, nina kikao."

Na Dobi, chali chini ya taa ile kubwa, aliwaza jambo moja tu: leo Bibi Pasi atasumbuliwa.

Siku ya tatu Bibi Pasi alikuja wodini bila aproni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto, akamsifu pua, ndipo akasema.

"Wamenisimamisha. Kimepungua kimoja cha juzi. Msimamizi anasema nimekipeleka nyumbani kuwa kitambaa cha meza. Mimi! Na meza yenyewe sina." Alicheka peke yake. Miaka ishirini na nane alikuwa amesimama nyuma ya pasi ile. Ilibaki miezi minne astaafu.

Dobi alitaka kuinuka, nyuzi zikamrudisha. "Bibi, juzi hawakupasua mtu mwingine. Maji yalikatika, wengine wote wakaahirishwa. Nilikuwa mimi peke yangu. Na nilimsikia yule anayehesabu."

Bibi Pasi alilitazama tumbo la mwenzake lililofungwa bandeji. Akatazama dirishani.

"Mwambie sista," alisema polepole. "Lakini kwa upole, mwanangu. Usije ukamkasirisha."

Alimwambia kwa upole.

"Ile sindano inaotesha watu ndoto," sista alisema. "Wengine huona hadi malaika."

"Sikulala, sista. Nilisikia kumi na tisa."

"Nani kakufundisha udaktari? Kazi yako si sabuni?"

Alasiri ileile akaandikiwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kitanda kilikuwa kinahitajika.

Nyumbani palikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja mama mkwe, upande wa pili yeye, mumewe na sasa mtoto. Mumewe alikuwa mbeba saruji, mtu wa maneno machache. Wiki ya pili kidonda kilifunga kwa nje, ila chini yake tumbo likawa gumu, mahali pamoja, kama ngumi iliyokunjwa. Homa ikawa inapanda kila jioni. Wiki ya nne ikaja harufu.

"Oga, mwenzangu," mama mkwe alisema.

"Nimeoga, mama."

"Basi oga tena."

Akaoga tena. Akafua kila alichovaa, akafua na godoro. Mama mkwe akamhamishia mtoto upande wake wa pazia, akawa anamleta wakati wa kunyonya tu, na akimleta husimama mbali. Mumewe akaanza kulala barazani. Alisema ni joto.

Dobi alirudi hospitali kwa miguu, akipumzika kila penye ukuta wa kuegemea. Sista alikuwa yuleyule. Alimfunua, akaziba pua kwa kiganja.

"Mnazaa halafu hamjui kujisafisha."

Dobi aliitazama mikono yake. Sabuni ilikuwa imekwisha kula kucha mbili. Damu ya hospitali hii, ya wazima na ya maiti, ilikuwa imepita kwenye vidole hivi kwa miaka sita.

"Sista, kile kitambaa kimo humu ndani. Nakugusa miguu, nipimwe tu."

"Sikiliza nikwambie. Ukilitaja tena hilo neno nitakuandikia uende kwa wagonjwa wa akili, na huko mtoto haendi. Umenielewa?"

Alielewa. Akapewa vidonge kwenye kipande cha gazeti, vya siku tano.

Msimamizi alituma ujumbe kwamba likizo imekwisha na kuna watu wanaitaka hiyo nafasi. Dobi akarudi kazini, tumbo amelikaza kwa kitenge. Nyuma ya meza ya pasi alimkuta msichana mgeni ambaye bado alikuwa akiunguza makola. Siku ya tatu Dobi aliinua beseni la mashuka mabichi, na kitu ndani yake kikaachia, kama mfuko wa maji uliopasuka. Aliangukia mferejini. Msichana alipiga kelele mpaka watu wakaja.

Alipata fahamu baada ya siku mbili, ana mpira wa mkojo na dripu kila mkono. Maziwa yalikuwa yamekauka, kifua kimelala bapa. Siku ya nane walikuja watatu kwa pamoja: daktari, msimamizi wa nguo na muuguzi mkuu mwenye faili. Mumewe akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Tumekutoa uvimbe," daktari alisema. "Ulikuwa umeharibu kizazi, kwa hiyo kizazi nacho kimetoka. Una bahati uko hai."

"Uvimbe ulikuwa na pindo?" Dobi aliuliza.

Muuguzi mkuu alifungua faili, akalifunga.

"Amechoka," daktari alisema, akimwambia mumewe.

Msimamizi akatoa karatasi. Aliisoma haraka, kama mtu anayesoma orodha ya mashuka: kwamba mgonjwa alichelewa kuja, kwamba alijitibu nyumbani, kwamba hana malalamiko yoyote. "Ukitia sahihi, nafasi yako ipo. Usipotia, hospitali haiwezi kumweka mfanyakazi inayegombana naye. Hata wewe fikiria."

"Na Bibi Pasi?"

"Yule alifukuzwa kwa wizi. Kitambaa kikionekana, atarudi."

Dobi alimtazama daktari usoni. Daktari alitazama saa yake.

"Tia, mama mtoto," mumewe alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Tia, twende zetu."

Mkono ulikuwa na dripu, haukuweza kukunjika. Msimamizi akamshikia karatasi, akamchagulia kalamu.

Jumapili ya pili baada ya kurudi nyumbani, Bibi Pasi alipiga hodi. Alikuwa amekonda, na gauni lake, ambalo siku zote lilikuwa na mistari ya pasi mikali ya kukata mtu, lilikuwa na makunyanzi. Alimsalimu mama mkwe, akamtazama mtoto aliyekuwa kifuani kwa mama yake, akasema amekua.

"Nimesikia walikupasua tena," alisema. "Nikasema acha niende nimwulize mwenyewe. Walikukuta na nini, mwanangu?"

Mama mkwe aliacha kuchambua mchele. Nje, barazani, mumewe alikohoa mara moja.

"Uvimbe," Dobi alisema.

"Uvimbe tu?"

"Uvimbe tu, bibi."

Bibi Pasi alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayezoea habari. "Haya. Tushukuru umepona. Mimi nilikuwa nimeshajipa tamaa, unajua. Nikasema kikitoka humo, basi na jina langu limetoka." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Sasa nimebaki na mtu mmoja tu wa kumfikiria. Yule mfagiaji wa chumba cha upasuaji, mjane, mwenye watoto wale wengi. Ni yeye. Kesho namfuata kwake. Nitamwuliza mbele ya hao wanawe."

Dobi alifungua mdomo. Kwenye mlango kivuli cha mumewe kilikuwa kimesimama.

Mtoto aliachia titi, akaanza kulia. Dobi akamhamishia upande wa pili, ambao nao haukuwa na kitu, akamshikilia hapohapo.